Ofisi Yetu ni Diko, na Sheria Inafika

Leo hatuzungumzi mapishi wala mishono. Tunazungumza riziki na heshima.

Juzi tulikuwa barazani hapa Kiongoroni, tunasubiri maji yajae ili mashua itoke. Redioni wakaanza kuzungumzia unyanyasaji wa kingono kazini. Kaka mmoja akacheka: "Hayo ni ya wenye ofisi. Nyinyi mna ofisi?" Wengine wakacheka naye. Sisi hatukucheka, na leo tunamjibu.

Ofisi tunazo. Ya mnunuzi wa kamba ni diko, pale mtumbwi unapofika. Ya anayepeleka mzigo Nyamisati ni ndani ya mashua, usiku, amebanana na madumu na magunia. Ya sisi mafundi ni nyuma ya cherehani. Na kote huko wamo mabosi, ingawa hawavai tai. Mvuvi anayeamua nani apimiwe kwanza ni bosi. Mkusanya ushuru ni bosi. Nahodha anayesema nafasi zimejaa, kisha nafasi ikapatikana ukimchekea, ni bosi. Fundi anayemfundisha binti wa watu kushona ni bosi.

Unampima mteja kiuno cha suruali, naye anapeleka mkono pasipomhusu, anasema "utani tu, fundi." Ukinyamaza, atarudia. Ukimfukuza, umepoteza hela ya mishono mitatu na atakutangaza mtaa mzima kuwa una kiburi. Hesabu hiyo tunaipiga kila siku. Mwanaume haipigi ili apate kilo mbili za kamba.

Sasa sheria. Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha 138D, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Kinamtaja mwenye mamlaka anayemsumbua mtu kimapenzi, kwa maneno au vitendo, awe kazini au mahali pengine popote. Kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Hakuna palipoandikwa kwamba lazima pawe na meza na kiyoyozi.

Kuna na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25. Mwenye madaraka akidai ngono ili akupe ajira, haki au upendeleo wowote, hiyo ni rushwa ya ngono. Ilivyotungwa, adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kwa hiyo anayeshika karatasi za mkopo wa halmashauri wa kikundi chetu, akasema "njoo jioni tuongee," ajue anachezea jela.

Pengo lipo, hatufichi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inamlinda mwajiriwa, na wengi wetu hatujaajiriwa na mtu. Lakini dunia imeshaliona hilo. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unataja sekta isiyo rasmi na hata safari ya kwenda na kurudi kazini. Uganda waliuridhia mwaka 2023.

Na msituambie haiwezekani. Dar es Salaam, kwenye masoko ya Ilala na Temeke, wanawake wakiwa na shirika la Equality for Growth waliendesha kampeni ya "Mpe Riziki Si Matusi." Wakapatikana wasaidizi wa kisheria humo humo sokoni, zikawekwa kanuni, na mkorofi akatozwa faini. Kule Ziwa Viktoria upande wa Kenya, ambako wavuvi walizoea kudai mwili ndipo wauze samaki, desturi waliyoiita jaboya, akina mama wa Nduru kuanzia mwaka 2011 walitafuta mitumbwi yao wenyewe.

Wapo watakaosema, "Mwanamke wa Kiislamu ajisitiri, yataisha." Tunajisitiri. Baibui halijawahi kumzuia mtu mwenye nia mbaya ndani ya mashua yenye giza. Na katika Surat An-Nur, amri ya kuinamisha macho imeanza kwa wanaume, aya ya 30, kabla ya kuja kwetu. Mbona mawaidha yanaanzia aya ya 31?

Wengine husema, "Si alikubali mwenyewe?" Aliyekubali kwa sababu watoto hawajala na maji yanakupwa, huyo amelazimishwa. Sitara ya kweli ni kumsitiri aliyedhulumiwa. Kumfichia dhalimu siyo sitara.

Tunachotaka ni hiki. Serikali ya kijiji na BMU waandike kanuni ya diko: anayefika kwanza apimiwe kwanza, na anayedai mwili asimamishwe kuuza. Wenye mashua waweke taa usiku. Wenye vyerehani tusimfungie binti wa watu chumbani na fundi wa kiume. Na wewe dada yangu, likikukuta usilale nalo. Mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 113 ya TAKUKURU, ni bure.

Yule kaka wa barazani tunamwambia: ofisi umeshaiona. Ukija, bisha hodi, na mikono yako ibaki kwako.

Allah atujaalie riziki ya halali isiyo na fedheha. Amin.