Kura ya Chama Kidogo Isipotee



Tuchukue kikundi cha vijana 30 kinachochagua kiongozi. Wa kwanza anapata kura 12, wa pili 10, wa tatu 8. Kwa hesabu ya mara moja, wa kwanza ameshinda, ingawa 18 hawakumchagua. Safari ijayo wale 8 watajiuliza: ya nini kumpigia tena mtu asiyeweza kushinda? Hivyo ndivyo chama kidogo kinavyokufa, hata kama mawazo yake ni mema.

Nchi yetu imeonja njia mbili. Mwaka 2006 Rais alichaguliwa kwa duru mbili. Joseph Kabila hakufikia nusu ya kura katika duru ya kwanza, ikambidi ashindane tena na Jean-Pierre Bemba. Antoine Gizenga wa PALU, aliyekuwa wa tatu, alimwunga mkono Kabila, kisha akawa Waziri Mkuu. Wadogo walihesabiwa kwanza, ndipo wakaombwa ushirikiano. Mwaka 2011 Katiba ilibadilishwa, duru ya pili ikaondolewa. Mwaka 2018 mshindi alitangazwa kwa kura zisizofika asilimia 39. Leo chama kidogo hutafuta mapatano na wakubwa kabla ya kura, uzito wake haujapimwa.

Katika Bunge la Taifa, kugawa viti kwa uwiano kuliwafaa wadogo. Lakini sheria ya 2017 ilidai asilimia 1 ya kura za nchi nzima. Wanaoitetea husema vyama vimezidi, na hawakosi haki. Hata hivyo, mtu anayependwa sana katika eneo lake aweza kunyimwa kiti kwa sababu chama chake hakijulikani kwingine. Kura za watu wake huenda wapi?

Nchini Ailandi na Australia, mpiga kura huwapanga wagombea: 1, 2, 3. Wa mwisho akiondolewa, kura zake humwendea chaguo la pili. Ni kweli, hesabu yake ni ndefu, na wagombea wakiwa mamia ni kazi ngumu. Kwa hiyo naona tuanze na lililo karibu: duru ya pili ya urais irudishwe.

Nanyi, katika uchaguzi ujao wa kikundi chenu, jaribuni kuandika 1, 2, 3. Kisha mwulizeni aliyempigia mgombea wa mwisho: je, safari hii kura yako imesikika?