Duka Linalosema "Sina"

Ndugu msomaji, mwenye gari kuukuu hapana budi apatane na watu watatu: mwenzi wake wa nyumbani, fundi wake, na mwuza vipuri wake. Akikosana na mmoja kati ya hao, gari halitoki uani. Leo nitazungumza juu ya huyu wa tatu, kwa maana wawili wa kwanza wameshasemwa sana katika kurasa hizi.

Mimi ninayo Kombi. Watu wa siku hizi kila gari la abiria lenye umbo la mkate huliita Kombi, lakini yangu ni Kombi yenyewe, Volkswagen, yenye injini nyuma na uso wa mviringo kama wa mtoto aliyeshiba. Niliachiwa na marehemu baba mkwe wangu, ambaye aliinunua kwa wageni waliokuwa wakizunguka nayo Afrika, wakachoshwa na barabara walipofika Mwanza. Ndani yake mna kitanda cha kukunjua, kabati la vyombo, sinki dogo, na paa linaloinuka likashikiliwa na turubai. Zamani watoto wangu waliizoea kuiita "nyumba ndogo", mpaka siku mama yao alipowakataza jina hilo mbele ya wageni. Mara moja kwa mwezi huenda nayo Guta, kando ya ziwa, tukalala humo na kuamshwa na sauti za wavuvi. Familia ya mtumishi wa kawaida haina hoteli nyingine.

Gari la namna hii lilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1950. Mwaka 1967 likabadilishwa umbo, vioo viwili vya mbele vikawa kimoja kipana. Wajerumani waliacha kulitengeneza umbo hilo la pili mwaka 1979, lakini Brazili waliendelea na Kombi yao hadi Desemba 2013. Kwa hiyo vipuri vyake havijatoweka duniani. Taabu ni kwamba vimetoka viwanda mbalimbali, kwa miaka mbalimbali, na vinavyofanana kwa macho aghalabu havifanani kwa kazi.

Wazee wenzangu watakumbuka jinsi kipuri kilivyokuwa mali hapa kwetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ulifungwa, na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa mwaka 1983. Katikati ya hapo tukawa na vita vya Kagera, fedha za kigeni zikaadimika, petroli ikawa ya kupimiwa, na ikafika mahali magari ya watu binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri. Mwenye gari aliokota kila bolti iliyoanguka akaitia mfukoni. Katika siku hizo mwuza vipuri hakuulizwa kama kitu ni sawasawa. Aliulizwa kama kipo. Nadhani tabia hiyo haijatutoka mpaka leo.

Hapa Bunda lipo duka dogo lisilo na kibao, ambalo watu wenye magari ya zamani huelekezana kwa mdomo. Ukiingia humkuti kijana wa kukukimbilia. Unamkuta mwenye duka, mtu wa makamo, amekaa nyuma ya kaunta iliyojaa kabureta na vikopo vya misumari, akisoma. Kuta zake zimepangwa vipuri vya Land Rover za zamani, Peugeot 404 na 504, na rafu moja nzima ya Kombi. Ukimwambia unachotaka, hainuki. Huuliza kwanza: gari la mwaka gani, injini gani, kile cha zamani umekuja nacho? Ukijibu "nimekiacha kwa fundi", atakuambia ukakifuate. Wateja wengi hukasirika hapo hapo, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ilikuwa wiki ya arusi ya mpwa wangu mjini Musoma. Fundi aligundua kwamba mpira mmoja wa breki, wa gurudumu la mbele, umepasuka juu juu na haufai tena safari. Nikaenda kwa yule bwana na kadi ya gari mkononi.

"Shikamoo, mzee. Gari la mwaka gani?" akaniuliza.

"Marahaba. Kadi inasema 1970."

"Kadi inasema hivyo. Na namba ya fremu inasemaje?"

Sikuijua. Akaniambia imepigwa ndani ya chumba cha injini, nikaisome nirudi nayo. Kisha akaongeza kwamba hata hivyo mipira ya mbele ya Kombi hana, itabidi aagize Nairobi, na ingechukua siku tisa au kumi. Arusi ilikuwa baada ya siku tatu. Nilitoka nimenuna. Nilijisemea kwamba mtu huyu hataki biashara, anataka kutufanyia mtihani.

Nikavuka barabara na kuingia duka jingine, ambalo sitalitaja. Kijana alinipokea kwa bashasha, akatazama kadi, akaona 1970, akapanda ngazi na kushuka na mpira mpya ndani ya mfuko unaong'aa. "Huu unaingia tu, mzee." Nikalipa. Stakabadhi sikupewa, na kwa furaha yangu sikuidai. Fundi aliufunga huku akikuna kichwa, kwa sababu ulikuwa mrefu kidogo kuliko ule wa zamani. Nami, ndugu msomaji, ndiye niliyemwambia aufunge hivyo hivyo, tuchelewe kazini tusichelewe arusini.

Kwenda tulikwenda salama. Wakati wa kurudi, tukiukaribia mji wa Bunda, mtu mmoja mwenye baiskeli na gunia la mkaa alikata barabara mbele yetu. Nilikanyaga breki, kanyagio likazama karibu na sakafu. Breki za nyuma peke yake zilishika, tena kwa shida. Nikavuta breki ya mkono, gari likayumba, likasimama hatua chache kutoka kwa yule bwana, ambaye alituangalia, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nyuma yangu walikuwa watoto wanne, wawili wangu na wawili wa dada yangu, wamelala juu ya kitanda kile cha kukunjua kwa uchovu wa ngoma. Hawakuamka hata mmoja. Mke wangu alikuwa macho, na hakusema neno mpaka tulipofika nyumbani. Wanaume wenzangu wanajua kwamba kimya cha namna hiyo ni kirefu kuliko hotuba.

Kesho yake fundi alituonyesha. Ule mpira mrefu ulikuwa ukisugua tairi kila nilipokata kona, mpaka ukatoboka na mafuta ya breki yakamwagika. Ulikuwa mzima na mpya, lakini haukuwa wa gari langu.

Nikarudi kwa yule bwana wa kwanza, nikiwa na ule mpira uliotoboka, ule wa zamani, na karatasi niliyonakili namba ya fremu. Hakunicheka. Alichukua kalamu akaniwekea kituo chini ya tarakimu ya tatu. Kwa Kombi za miaka ile, alinieleza, namba ina tarakimu kumi, mbili za mwanzo zinataja aina ya gari, na ya tatu inataja mwaka wa toleo. Yangu ilianza na 231, na hiyo 1 maana yake ni toleo la 1971. Kiwanda kilikuwa kikianza toleo la mwaka unaofuata mwezi wa Agosti, kwa hiyo gari lililotengenezwa mwishoni mwa 1970 likaandikwa 1970 kwenye kadi, na wala kadi haikusema uongo. Ila katikati ya mwaka huo huo breki za mbele zilibadilishwa, kutoka za drami kwenda za diski. Aliyesoma kadi peke yake aliniuzia mpira wa gari jingine kabisa.

Mpira wangu ulikuja kwa basi kupitia Sirari siku ya kumi na moja, si ya tisa wala ya kumi. Alinipa stakabadhi bila kuombwa. Juu ya stakabadhi aliandika namba ya fremu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizungumza na wateja wengine wa duka lile, na ni haki niyaseme yote, mazuri na mabaya. Mwalimu mmoja mstaafu aliniambia kwamba aliwahi kwenda kununua kabureta mpya, akarudishwa nyumbani na kijigasketi cha bei ya soda, kwa sababu mwenye duka aliifungua ile ya zamani akaona haijafa. Mchuuzi mmoja wa dagaa, mwenye Land Rover, analalamika kwamba duka hufungwa bila taarifa mwenyewe anapokwenda kutafuta mali, na kwamba hakuna bei iliyoandikwa mahali popote. Fundi wangu anasema bwana yule huongea mno. Malalamiko hayo ni ya kweli. Mwenye duka akisoma gazeti hili, na abandike bei zake ukutani. Mwaminifu hapotezi kitu kwa kuandika bei.

Lakini kisa kilichonigusa zaidi ni cha wageni wawili, mume na mke, waliotoka Serengeti kwa lango la Ndabaka wakiwa na Kombi ya kulala kama yangu. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Injini ya Kombi haina rejeta, hupozwa na upepo wa feni, na mkanda ukikatika dereva asiyesimama mara moja huiunguza injini yote. Walisimama, wakavutwa mpaka mjini. Mahali pa kwanza walitajiwa shilingi 45,000. Bwana wetu aliwauzia kwa 15,000, bei ile ile niliyowahi kulipa mimi, akawaonyesha na jinsi ya kuufunga, kisha akawashauri wanunue na wa akiba. Nilipomwuliza kwa nini hakuongeza kidogo, kwa maana wageni hawajui, alijibu kwamba mkanda haujui nani ni mgeni. Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema apone kwa kumnyoa mgeni.

Ndugu msomaji, huenda huna Kombi, wala gari lolote. Lakini unayo cherehani, baiskeli, redio, jiko la mafuta ya taa, au pikipiki ya mwanao anayejitafutia riziki. Vyote hivyo siku moja vitadai kipuri. Ukienda Gerezani kule Dar es Salaam, au Kirinyaga Road mjini Nairobi, au kwa wauza vipuri wa Kisekka mjini Kampala, utakutana na vijana hodari kwelikweli wa kupata kitu, na utakutana pia na wale wa "inaingia tu". Sheria ipo. Shirika la Viwango tunalo tangu mwaka 1975, na Tume ya Ushindani iliundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na kupambana na bidhaa bandia ni kazi yake pia. Lakini afisa hawezi kusimama kwenye kila kaunta, na mpira ulioniponza mimi haukuwa bandia. Ulikuwa halali mahali pake.

Basi kinga ya kwanza ni mnunuzi mwenyewe. Nenda dukani na kile cha zamani, hata kama kina mafuta na matope. Ijue namba ya chombo chako na uiandike mahali ambapo hata mwenzio anaweza kuipata. Linganisha kipya na cha zamani pale pale kaunta, urefu kwa urefu, tundu kwa tundu, na fundi wako akikuna kichwa, msikilize. Dai stakabadhi, maana bila hiyo huna ushahidi wa malalamiko yako. Na ikiwa kinachotafutwa ni cha breki au cha usukani, safari na ingoje. Arusi itafungwa bila wewe, na basi la Musoma lipo kila siku.

Tumezoea kumsifu mfanyabiashara ambaye kila ukimwuliza kitu anacho. Mimi nimejifunza kumheshimu yule anayethubutu kusema "sina". Neno hilo lilimnyima mauzo ya siku moja, na laiti ningelisikiliza, ningepona fedheha ile barabarani. Kijana wa duka la pili sina kinyongo naye, kwa kuwa aliuza kitu alichoombwa na mtu mwenye haraka. Yule wa kulaumiwa zaidi huniangalia kila asubuhi ninaponyoa ndevu.

Mwisho wa mwezi huu tunakwenda Guta tena. Mke wangu amekubali, kwa sharti moja: kabla ya kuondoka, yeye mwenyewe ndiye atakayekanyaga breki, mara tatu, mbele ya fundi. Nimelikubali sharti hilo bila mjadala.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia mapumziko mema pamoja na jamaa zenu.