TUPENI VITABU, FULANA TUNAZO

Wako mabwana wanaosema ati watu wa machimbo na watu wa pamba hawasomi. Nimewasikia kwa masikio yangu. Mmoja wao ni mwuza vitabu katika mji mmoja wa huku kwetu, ambaye nilimwomba riwaya ya Kezilahabi naye akanitazama kama nimemwomba tembo. Akasema: "Mzee, hapa tunauza daftari na vitabu vya mitihani. Watu wa Geita na Kahama wanataka dhahabu, hawataki hadithi." Nikamwuliza: umewahi kuwaletea hadithi ukaona wamezikataa? Akanyamaza, akaanza kupanga kalamu.

Sisi tunajibu: uwongo! Mwaka wa 1968, Serikali na UNESCO walipoanza mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, walianzia mikoa hii ya Ziwa, na Shinyanga imo. Baba na mama zetu walitoka shambani na jembe begani, wakaketi mbele ya ubao. Walipewa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe: pamba, ndizi, uvuvi, ng'ombe. Katika miaka ya 1970 wakapata na gazeti lao la vijijini, jina lake Elimu Haina Mwisho. Mwaka wa 1967 watu wazima kiasi cha theluthi mbili katika nchi nzima hawakujua kusoma. Kufika 1986 waliobaki walikuwa kiasi cha mmoja tu katika kumi. Je, watu hao ndio wasiopenda kusoma? Waliitwa mezani, wakanawa mikono, wakaketi, kisha mpishi akaondoka na chungu.

Na njaa hiyo ina gharama. Kaka yangu alitia sahihi karatasi ya fidia ya shamba lake, ambalo leo liko ndani ya uzio. Karatasi iliandikwa Kiingereza. Aliyeileta simtaji. Kaka alisoma mpaka darasa la saba, anasoma gazeti hili kila wiki, na Kiswahili chake kingemtosha kabisa kuielewa. Lakini tangu aache shule hakuna aliyemzoesha kukaa na maandishi marefu, kuyahoji na kurudi nyuma ukurasa. Akaona haya kuuliza, akatia sahihi. Mtu aliyezoea kusoma riwaya ya kurasa mia tatu haoni haya kumwambia karani: subiri, bado nasoma.

Basi, ndugu wananchi, leo sitahubiri siasa. Nitawatajia vitabu, vya hadithi na vya mambo ya kweli. Vingine vimetoka juzi. Vingine ni vya zamani, lakini kama hujavisoma ni vipya kwako.

Cha kwanza ni cha Mkerewe, jirani yetu wa ziwani, Aniceti Kitereza: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mume na mke wanapendana lakini hawana mtoto. Wazazi wa mke wanakuja kumchukua binti yao. Mume anakwenda ukweni kumwomba arudi, anatozwa pombe, na hapo ndipo safari yenyewe inapoanza. Ndani yake utakuta jinsi ya kulima, kuvua, kutengeneza pombe, kuuguza mgonjwa, kumpokea mgeni na kumzika mzee. Msukuma akisoma atacheka peke yake, maana mengi ni ya kwao pia. Wako wanaolalamika kwamba Kitereza anaeleza mno, ati mtu hawezi kuvuka mlango pasipo kuambiwa mlango ulisukwaje. Mimi nasema hapo ndipo utamu wake ulipo. Asiye na subira ya kusoma namna mlango ulivyosukwa asilalamike watoto wake wasipojua nyumba ya babu yao ilikuwaje.

Sasa sikilizeni yaliyompata mtu huyu. Alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka wa 1945. Hakupata wa kukichapa. Akaketi akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, kwa mkono wake, mtu mzima mwenye maradhi. Kikachapwa na Tanzania Publishing House mwaka wa 1980, yaani baada ya miaka 35, naye akafariki 1981. Leo kinasomwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza. Nenda ukakitafute katika soko la Katoro, kisha urudi uniambie.

Kezilahabi naye ni wa Ukerewe. Rosa Mistika ya 1971 ilizuiwa mashuleni kwanza, kwa kuwa ilisema wazi yanayowapata mabinti wanaofungiwa nyumbani kwa fimbo kisha wakaachiwa mjini bila ulinzi. Wazazi wa machimboni wasome hiyo. Mimi lakini naipenda zaidi Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975. Kijana Tumaini anautapanya urithi, anajirudi, anakuwa mkulima mkubwa, kisha siasa ya Ujamaa inalifikia shamba lake, naye anamwua kiongozi wa serikali. Anayekumbuka kifo cha Dk. Klerruu kule Iringa, Desemba 1971, hataisoma kwa moyo mkavu. Wana-chama wengine hawapendi riwaya hii, wanaona inaitia Ujamaa doa. Ndugu zangu, chama kinachoogopa riwaya kitaweza kupambana na nini?

Marehemu Chachage alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyechunguza habari za machimbo, na alipotaka kuwaambia watu wote jinsi nchi inavyouzwa kwa jina la soko huria, aliandika riwaya, tena kwa Kiswahili: Makuadi wa Soko Huria, 2002. Habari zake ni za Delta ya Rufiji, mbali na sisi. Lakini mtu anayekumbuka wachimbaji wadogo walivyoondolewa Bulyanhulu Agosti 1996, kisha mgodi mkubwa ukafunguliwa 2001, ataisoma kama barua aliyotumiwa nyumbani kwake.

Na kuna Peponi, ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka wa 2021. Mtoto Yusuf anatolewa na baba yake kwa tajiri, kufidia deni. Haambiwi. Anadhani anakwenda kumtembelea ami. Ndugu, anayeishi karibu na mwalo au karasha ameshamwona Yusuf, akibeba mawe wakati wenzake wako darasani. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka wa 1994, na Ida Hadjivayanis akakileta kwa Kiswahili mwaka wa 2022. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi: ishirini na minane! Ilibidi Wazungu wa Sweden wampe mtu wetu nishani ndipo sisi tukumbuke kwamba tuna lugha.

Hapa sina budi kugombana na wakubwa. Mwaka wa 2019 Rais mstaafu Mkapa alitoa kitabu cha maisha yake, akakiandika kwa Kiingereza. Mwaka wa 2020 maprofesa Shivji na Saida Yahya-Othman pamoja na Ng'wanza Kamata wakatoa maisha ya Mwalimu Nyerere, majuzuu matatu mazito, kazi ya miaka mingi, kazi ya kusifiwa. Nayo kwa Kiingereza. Mwalimu yule yule aliyeketi kumfasiri Shakespeare, akatupa Juliasi Kaizari mwaka wa 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969! Yeye, mwenye nchi ya kuendesha, alipata nafasi ya kuwafikiria wasiojua Kiingereza. Wanaoeleza maisha yake walikosa nini? Sisemi wasiandike kwa Kiingereza. Nasema mkulima wa Maswa naye ana haki ya kujua habari za kiongozi aliyemlipia ada ya chama.

Mzee Mwinyi ndiye aliyefanya vema. Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu ilitoka 2021 kwa Kiswahili. Msomaji wa Shinyanga ana sababu yake ya kukifungua, maana huyu ndiye waziri wa Mambo ya Ndani aliyejiuzulu mwaka wa 1977 baada ya watu kufa mikononi mwa vyombo vya dola katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wazee waliokuwapo bado wapo. Kisome pamoja nao, muone kama mnakubaliana naye.

Na habari zetu za kudai uhuru je? Mwaka wa 1958 watu wa Geita walikataa baraza la mseto walilotaka kubandikwa na Mwingereza. Wakaenda kwa maelfu mpaka Mwanza, wakapigwa mabomu ya machozi. TANU ilikuwa imezuiwa katika Jimbo la Ziwa tangu 1954. Leo unavuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, kwa dakika chache, wala humfikirii aliyeyavuka maji yale kwenda kupigwa. Habari hizo zimeandikwa vizuri na Mmarekani Andrew Maguire, katika kitabu kilichochapishwa Cambridge mwaka wa 1969. Mjukuu wa Geita anahitaji Kiingereza ili kujua babu yake alipigwa kwa nini! Ashukuriwe Saadani Kandoro, mmoja wa wale kumi na saba walioiasisi TANU mwaka wa 1954, aliyeifanya kazi ya chama huku Mwanza, kwa kutuachia Mwito wa Uhuru, 1961. Ukikiona mahali popote, kinunue hata kama jalada limeliwa na mchwa.

Sasa fulana. Kila uchaguzi malori yanakuja yamejaa fulana, kofia na khanga. Tunashukuru. Lakini fulana ya uchaguzi mmoja ni dekio kabla ya uchaguzi wa pili. Mkoloni mwenyewe, kwa makusudi yake, aliunda East African Literature Bureau mwaka wa 1948, na masanduku ya vitabu yakazungushwa kuazimisha wasomaji. Serikali huru ikatunga sheria ya huduma za maktaba mwaka wa 1963. Maktaba ya mkoa ni kitu kizuri, lakini mchimbaji wa Lwamgasa au Mwakitolyo anatoka kwenye duara jioni. Maktaba imekwisha fungwa, na nauli haipo. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi, iliyoanza kutolewa 2023, inaleta waandishi wapya wa riwaya na mashairi. Watamwandikia nani, kama kitabu kinaishia Dar es Salaam na mashuleni?

Matawi ya Geita, Kahama, Chato, Bukombe na Shinyanga yadai sanduku moja moja la vitabu kutoka kwa kila mgombea anayekuja kutaka kura, hata vitabu ishirini tu, na yakatae fulana mpaka sanduku lifike. Makatibu wataniambia hakuna kasha. Yako makasha ya mbao yaliyoleta vifaa vya plau. Wataniambia vitabu vitaibwa. Kitabu kilichoibwa kinasomwa na mwizi, nasi tutanunua kingine.

Ufunguo asipewe mwenyekiti. Apewe mwalimu mstaafu, au mama lishe ambaye banda lake halifungwi mapema. Na kitabu kikirudi kina vumbi la karasha na alama ya vidole, kipokeeni hivyo hivyo, kifuteni, mkiandike kwenye daftari, apewe anayefuata.