Meseji Mnatuma, Fansida Iko Wapi?

Wenzangu, na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma, leo tuongee bila kuzunguka. Siku hizi mradi wa malaria ukiingia kwenye makambi ya Uganda, unakuja na simu. Mama mwenye mimba anaandikwa namba, kisha anaanza kupokea meseji: kumbuka kliniki, lala ndani ya neti, meza dawa. Mwisho wa mwezi ripoti inasema meseji nyingi zimetumwa. Simu siipingi. Ninachopinga ni kumfanya mama peke yake kuwa mwanafunzi, kana kwamba anakosa dawa kwa sababu ya kusahau.

Dawa yenyewe ni SP, ile tunayoita fansida. Tangu 2012 Shirika la Afya Duniani linasema mama apewe kila anapokwenda kliniki, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, dozi zikipishana mwezi, na zisipungue tatu mpaka ajifungue. Kwa nini ameze na haumwi? Kwa sababu vijidudu vya malaria hujificha kwenye kondo la nyuma. Mama anaweza asisikie homa hata kidogo, na mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Wamama zetu wanalielewa hili vizuri sana ukiwaeleza kwa lugha yao. Kwa meseji ya Kiingereza, hapana. Nakivale peke yake kuna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, na wengi hawasomi hata Kiswahili ila wanakisikia. Kwa nini isiwe sauti?

Halafu, hiyo namba ni ya nani? Nyumba nzima ina katochi kamoja. Mchana baba yuko nako shambani, au kako kwenye kibanda cha sola kakingoja zamu ya kuchajiwa. Habari ya mimba inasomwa na shemeji kabla ya mwenye mimba. Binti wa miaka 17 ambaye bado hajawaambia nyumbani, mnafikiri atawapa namba tena?

Lakini haya, tuseme meseji imefika, imesomwa, na mama ametembea saa mbili juani. Anaambiwa: SP imeisha, rudi wiki ijayo. Anarudi, bado. Mara ya tatu harudi, na hapo ndipo mnaandika kwamba jamii haina uelewa. Jamani! Uelewa gani? Kuna mtu alijua wiki nzima kwamba kopo ni tupu, na hakuna aliyemuuliza.

Angalieni Zanzibar. Kulikuwa na mradi ulioitwa Wired Mothers: wamama walitumiwa meseji, tena wakapewa vocha ya kumpigia mhudumu wa afya. Waliofikisha kliniki mara nne au zaidi walikuwa 44 kwa kila 100, na wale wasio kwenye mradi 31. Ni kazi nzuri, na ile vocha mimi naipenda kuliko meseji. Mama anayetumia septrini kwa ajili ya virusi vya UKIMWI hatakiwi kupewa SP. Meseji ya wote haijui hilo, mhudumu akipigiwa atauliza. Ila upande wa dawa ya kuzuia malaria, tofauti iliyoonekana haikutosha kuthibitishwa. Kufika kliniki ni jambo moja, kupata dozi ni jingine.

Sasa geuzeni simu upande wa pili. Mwaka 2009 Tanzania ilijaribu SMS for Life kwenye vituo 129 vya Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini. Kigoma hiyo hiyo ambako wengi wetu tulishukia kutoka ziwani. Pale aliyetumiwa meseji ni mhudumu wa kituo, kila wiki: dawa za malaria zimebaki ngapi? Akijibu, anapata muda wa maongezi bure. Mkubwa wa wilaya anaona hesabu, anahamisha dawa kutoka kituo chenye nyingi. Wiki ya kwanza vituo 78 kwa 100 vilikosa angalau dawa moja. Wiki ya 21 vilibaki 26. Zilikuwa dawa za kutibu, siyo SP, lakini kuhesabu vidonge ni kule kule.

Na msituambie Uganda haiwezekani. Wizara ya Afya ilianzisha mTrac mwaka 2011, vituo vikaripoti dawa kwa meseji, na mwananchi akapewa namba 8200 ya kulalamikia bure bila kutaja jina.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Kila Jumatatu kituo kitume idadi ya dozi za SP zilizobaki kwa ma-VHT na kwenye grupu zetu za WhatsApp. Sisi vijana tutairekodi kwa sauti, kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Kisomali, na tutaipeleka mlango kwa mlango kwa wasio na simu. Ikisoma sifuri, mama abaki nyumbani apumzike, na simu ipigwe kwa mwenye stoo. Na kwenye ripoti zenu ongezeni mstari mmoja tu: siku ambazo SP haikuwepo.