Fomu Isiyosikiliza Jibu



Likizo iliyopita nilitoka Arua kwenda Koboko, nikamsaidia kijana mmoja, mkimbizi wa Kongo akaaye Lobule, kujaza fomu ya msaada wa karo katika kompyuta. Penye uraia tulichagua "mkimbizi". Mbele kidogo fomu ikadai nambari ya kitambulisho cha taifa, ile ya herufi na tarakimu 14 waliyo nayo raia wa Uganda. Tukaacha wazi, ikakataa. Tukaandika nambari ya kadi yake ya ukimbizi, ikakataa. Mwenye duka akatushauri tuandike nambari ya mtu mwingine. Kijana hakutaka kusema uongo, akarudi kwao bila kuipeleka fomu.

Kosa si la mashine. Mimi najifunza kutengeneza programu kwa Laravel, na humo imo kanuni iitwayo required_if: sehemu hii ni lazima ikiwa sehemu ile imejibiwa hivi. Ni mstari mmoja tu! Raia adaiwe nambari yake, mkimbizi ya kadi yake. Wengine watasema heri nambari isilazimishwe kwa yeyote. Sikubali, maana hapo raia mvivu naye ataacha wazi. Tena ukaguzi huo ufanywe na seva, si kivinjari peke yake, ambacho mjanja hukipita.

Nanyi wanafunzi wa zamani mnaotengeneza fomu hizi, Koboko imepakana na Kongo na Sudan Kusini. Kabla hamjaifungulia watu fomu, ijazeni wenyewe kama mkimbizi wa Lobule, mwone kama mtafika mwisho.