Kabla ya kusifu jumba, tazama mlizamu wake

Serahangi wa meli ni mtu wa kutu. Kwa miaka 35, kuanzia 1979, kazi yangu ilikuwa kuwaamsha vijana alfajiri, kuwagawia nyundo za kubambulia kutu, brashi na makopo ya rangi, na kuwaambia waanze omo waje tezi. Wakifika tezi, omo kumeshaota kutu upya, wanarudi. Sijawahi kumsikia nahodha akisema leo tumemaliza kupaka meli. Meli iliyomaliza kupakwa rangi ni ile inayosubiri kukatwa vyuma chakavu.

Ugonjwa huo nilishuka nao kila bandari. Wenzangu wakipata ruhusa ya nchi kavu walikwenda madukani, wengine walikwenda kwenye mambo yao ambayo si ya gazetini. Mimi nilitafuta majumba ya kale. Usomi sina. Nimezaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika nyumba ya mawe ya ghorofa mbili, na bibi aliyenilea alikuwa akishikilia kwamba nyumba haizeeki, inalowa. Kila mwaka kabla ya masika alimpandisha ami yangu juu ya paa na ufagio na ndoo ya maji, naye akasimama uani kutazama kama mlizamu unayatoa maji yale. Usipoyatoa, ami hali chakula cha mchana.

Asiyeijua nyumba ya mawe nimweleze kidogo. Kuta zake ni matumbawe, udongo na chokaa, nene kuliko urefu wa mkono wako mpaka kiwiko. Dari hubebwa na boriti za mikoko zilizopachikwa vichwa ukutani, na ndiyo maana vyumba vyetu vya zamani ni virefu na vyembamba: boriti ya mkoko haiendi mbali. Ukuta ukikaa mkavu, boriti humzika aliyeipachika na mtoto wake na mjukuu wake. Maji yakiingilia juu, hushuka ndani ya ukuta kimyakimya, chokaa hulainika, kichwa cha boriti huoza mahali ambapo jicho halifiki. Siku moja unaona ukuta umetoa tumbo. Ukishaona tumbo umechelewa.

Roma nilifika mwaka 1986. Meli ilifunga gati Civitavecchia, nikapanda treni, na kwa bahati ilikuwa ikinyesha. Niliingia Pantheon, hekalu la Warumi wa kale, lililomalizika zama za Kaisari Hadrian, karibu mwaka 126. Kuba lake lina upana wa mita 43 na ushei, zege tupu lisilo na chuma ndani, na kileleni wameacha tundu la zaidi ya mita 8 lisilo na kifuniko. Mvua inaingia kama kwake. Watu wote waliokuwa mle walikuwa wameinua shingo. Mimi niliinama kutafuta maji yanakokwenda. Sakafu imeinuliwa kidogo katikati, utaijua kwa miguu kabla ya macho, nayo ina vitundu 22 vya kuyameza maji. Mlinzi alinijia akidhani nimeangusha kitu. Nikamwonyesha kitundu kwa kidole, akacheka, akanipeleka kwenye kingine.

Wanaoisifu Pantheon husema Warumi walijua kujenga. Walijua, lakini Roma imejaa kazi za Warumi hao hao ambazo leo ni magofu ya kupigia picha. Hii ilipata mwenyewe: mwaka 609 ilifanywa kanisa. Mwaka 663 Kaisari Constans II akaja kutoka Constantinople, akabandua vigae vya shaba vya paa akaondoka navyo, akaliacha kuba uchi. Karne iliyofuata likafunikwa tena kwa risasi. (Risasi ile nzito ya kuzuia maji, si ya bunduki.) Vitabu vya watalii vinamsifu Hadrian kurasa nzima. Mimi niliporudi melini usiku ule niliwafikiria mafundi waliopanda juu na mashiti yao ya risasi, kwenye mzingo ule unaoteleza.

Istanbul habari ni hiyo hiyo. Hagia Sophia ilijengwa kwa miaka mitano, 532 hadi 537, na mwaka 558 kuba lake likaanguka. Likasimamishwa jingine, refu zaidi. Sehemu ikaanguka karne ya 10, nyingine karne ya 14. Waturuki wakauchukua mji, na baadaye msanifu wao Sinan akaliongezea viegemezi vikubwa vya mawe kwa nje. Ukiyatazama kutoka baharini, mawe yale ni kama wajukuu waliomshika mzee kwapani. Jumba limekuwa kanisa, likawa msikiti, likawa makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena. Watu wamegombana sana juu yake, ila katika kuziba ufa hakuna aliyeuliza ufa ule ni wa dini gani.

Lililonikoroga akili ni la mbao. Mwaka 1995 tulikuwa Yokkaichi, Japani, tukisubiri mzigo uliochelewa, nikaenda Ise kuona hekalu lao kuu. Hekalu hilo hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwenye kiwanja cha pili kilicho ubavuni mwake, kisha la zamani hubomolewa. Desturi ilianza mwaka 690, ikakatizwa na vita kwa zaidi ya karne moja, ikarudi. Nililoliona mimi lilimalizika 1993. Pembeni kulikuwa na kiwanja kitupu cha changarawe kikingoja zamu yake, na zamu ilifika 2013. Ijayo ni 2033. Mgeni haingii. Unaoneshwa mapaa tu, juu ya ua wa mbao, na mapaa yenyewe ni ya nyasi. Nilisafiri dunia nzima kuja kutazama nyumba ya makuti!

Lakini wenye makuti kule shamba wanalijua jambo ambalo sisi wa mjini tumelisahau. Mwenye paa la makuti hajidanganyi kwamba amemaliza kujenga. Miaka michache, anaezeka tena, na mtoto aliyekuwa akimrushia makuti kutoka chini safari hii anapanda juu yeye. Japani nao wanasema hivyo hivyo: miaka 20 inatosha kwa kijana aliyetumwa kushika kamba kurudi akiwa fundi. Nyumba ya mawe ndiyo inayodanganya watu. Unaigusa, unaona imara, unakwenda zako Dubai.

Djenné, kule Mali, sijafika kwa kuwa meli haifiki. Mpishi wetu mmoja Mmali alikuwa akinisimulia jikoni jinsi mji mzima unavyotoka kila mwaka kuukandika msikiti wao wa udongo, vijana wakibeba udongo mbio, wanawake wakileta maji, na vile vijiti vinavyochomoza ukutani, ambavyo picha za majarida hufanya vionekane urembo, ndivyo ngazi za mafundi. Jengo lililopo ni la mwaka 1907. Udongo, wala si zege, na linakaa.

Lisbon niliingia 1998, na huko nilikuta habari yetu wenyewe. Nyumba ya watawa ya Jerónimos ilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1500 kwa fedha za ushuru wa viungo vya Mashariki. Mawe yamechongwa kama kazi ya almaria, na milizamu yake ni wanyama wa mawe wanaotapika maji mbali na ukuta. Katika makumbusho ya sanaa za kale ya mji huo huo kuna chombo cha dhahabu cha mwaka 1506, Wakatoliki wanakiita monstransi, ambacho mfalme Manuel aliwaachia watawa wale. Dhahabu yake ni ya Kilwa. Vasco da Gama aliitoza kwa mtawala wa Kilwa mwaka 1502, mizinga ikiwa imeelekezwa mjini.

Nilisimama mbele ya kioo kile mpaka mlinzi akaanza kunizungukia. Nilikuwa na hasira na sitaki kuificha. Mwaka 1505 Wareno walirudi Kilwa, safari hii wakaupora mji. Nikalala na hasira yangu siku mbili, hadi tulipotoka mlango wa mto Tagus na kuanza tena kugonga kutu, ndipo nikajiuliza swali la kiserahangi: na mvua je, ni ya nani? Husuni Kubwa, lile kasri la Kilwa la karne ya 14 lenye birika la pembe nane, lilihamwa kabla Mreno hajaijua njia ya kuja. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakatolewa 2014 baada ya kazi ya kuyakarabati. Dhahabu alichukua Mreno, na deni hilo ni lake. Mvua iliyonyesha Kilwa masika haya si yake.

Nyumbani nilikuwa nikiogopa kufika, ndiyo maana nimezunguka. Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Mji Mkongwe, ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ikasalimika na mizinga ya Waingereza ya 1896 iliyobomoa majumba ya jirani. Mwaka 2012 kipande cha baraza zake za juu kikaanguka, jumba likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kulikarabati, upande wa mbele na mnara wa saa vikaporomoka, watu wawili wakafa. Kutafuta mwenye kosa si kazi yangu. Swali langu ni dogo: katika miaka yote kabla ya 2012, nani alikuwa na ufunguo wa ngazi ya kupandia paani, na alipanda siku gani?

Ufunguo wa mlango wa mbele kila mtu anao. Fedha za kuokoa jumba lililokwisha kuanguka nazo hupatikana. Paa la Notre-Dame ya Paris lilipoungua Aprili 2019, ahadi zilipita yuro milioni 800, na wenyewe walikuwa wakizunguka na bakuli kuomba fedha za ukarabati kabla ya moto. Mfadhili hupenda kukata utepe, na hakuna utepe unaofungwa kwenye mlizamu.

Na nisijifanye mtakatifu. Nyumba ya bibi ni ya urithi, tuko warithi 11: Muscat, Dubai, Mombasa, Toronto, na mimi baharini. Bibi alikufa 1991, ami akazeeka, ufagio ukakosa mtu. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1997 zilipokuja, dari ya chumba cha nyuma ilishuka usiku pamoja na kitanda, na kwa rehema ya Mungu hakikuwa na mtu. Barua ilinikuta Rotterdam. Nikatuma fedha, na aliyepewa kazi akapiga lipu ya saruji ukuta mzima, ukang'ara. Chokaa hupumua, saruji haipumui. Unyevu ukafungiwa ndani kama mvuke wa chungu, na baada ya miaka mitano tukabambua yote pamoja na mawe. Fedha ile ingemlipa mtu wa ufagio na ndoo kwa miaka 40. Leo kundi letu la WhatsApp limejaa picha za mlango wa nakshi wa bibi. Wageni nao huupiga picha huo huo. Picha ya paa sijaiona.

Najua nitaambiwa nchi ina shida kubwa kuliko majumba ya masultani. Ina shida, na kwa sababu hiyo sisi ndio tusiomudu kungoja mpaka majumba yahitaji kujengwa upya. Kupandisha mtu paani kunataka ngazi, ndoo na nusu siku. Ninachopendekeza ni kidogo mpaka ninaona haya kukileta gazetini: kila jumba la kale linalotoza kiingilio, iwe Fort Jesus au makumbusho ya mkoani, libandike karibu na dirisha la tiketi kibao chenye tarehe ya mwisho paa lilipokaguliwa na jina la aliyepanda. Si jina la waziri. Melini tunaandika hivyo kwa kila kifaa cha uokozi, na asiyeandika hasafiri. Mgeni akilipa, asome. Mwanafunzi akija na mwalimu wake, aulize.

Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani. Methali hii sasa ni ya harusini na ya wanasiasa, lakini aliyepanda jahazi anaijua ngama yenyewe, mle tumboni mwa chombo, mahali pa maji kujikusanya na kufuliwa. Nimerejea na ndoo yangu.

Jumamosi moja kabla ya masika haya nilipanda. Nina miaka 66, ngazi ilishikwa na kijana wa jirani. Mlizamu wa upande wa uani ulikuwa umeziba kabisa. Nilitoa kiota cha kunguru kilichosukwa kwa waya na nyasi, kandambili moja ya mtoto, mifuko miwili ya plastiki na tope la kujaza karai. Nikamwaga ndoo ya kwanza, maji yakatuama. Ya pili, yakaguguma, yakapita. Chini uani watoto walikimbia huku na huku wakilowa na kupiga kelele, mmoja akaweka mikono kinywani akaniita:

"Babu! Na mpira wetu umo humo?"