Koltani si ya simu peke yake

Muulize mtu yeyote wa Goma ao Bukavu koltani inakwenda kufanya nini huko ng'ambo, atajibu bila kusita: simu. Jibu hilo si la uongo. Tantali inayotolewa ndani ya koltani inatumika katika vifaa vidogo vinavyotunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Lakini inchi nzima imelizoea jibu hilo moja, wakati wengine wamekwisha kuanza hesabu nyingine.

Hesabu hiyo ilionekana mwaka 2010, wakati Oleg Senkov na wenzake, katika maabara ya jeshi la anga la Marekani huko Dayton, Ohio, walipoyeyusha pamoja metali nne kwa sehemu sawa: niobi, molibdeni, tantali na wolframu. Tangu zamani mafundi wa vyuma walifanya vingine. Walichukua metali moja kuwa mwenye nyumba, kisha wakaongeza kidogo cha nyingine, kama mama anayetia chumvi katika sombe. Hapa hakuna mwenye nyumba. Atomi za kila aina zinakaa zimechanganyika, kubwa kando ya ndogo, na safu zake hazinyooki. Metali hiyo ikibanwa, safu moja haiwezi kuteleza kirahisi juu ya nyingine.

Mwaka 2011 wakatangaza vipimo. Kijiti kidogo cha mchanganyiko huo kiliwekwa katika mashine ya kubana, kikapashwa moto hadi nyuzi 1,600. Kilivumilia megapaskali 405 kabla ya kuanza kubonyea, yaani zaidi ya tani 4 juu ya kila sentimeta ya mraba. Michanganyiko ya nikeli inayotumika leo ndani ya injini za ndege, kwenye joto hilo, imekwisha kuwa uji. Injini inayoweza kuwaka kwa joto kubwa zaidi inakula mafuta kidogo na kutoa nguvu nyingi, na ndiyo sababu jeshi la anga liko katika habari hii.

Ila chuma hicho kina kiburi. Kikiwa baridi kinavunjika kama sahani, hata kabla ya kubonyea asilimia 3. Ni kizito: karibu gramu 14 kwa kila sentimeta ya ujazo, wakati chuma cha kawaida hakifiki 8. Tena kipimo cha moto kilifanyika mahali palipoondolewa hewa, kwa sababu metali hizo zikikutana na oksijeni katika joto kali zinaliwa. Watafiti wale wale wakajaribu tantali na niobi pamoja na titani, zirkoni na hafni. Huo ulikubali kubonyezwa hadi nusu ya urefu wake bila kuvunjika, lakini kwenye nyuzi 1,200 nguvu yake ilishuka hadi megapaskali 92. Ukipata ulaini, unapoteza nguvu ya motoni. Mvutano huo haujaisha.

Mwaka 2024, watafiti wa Berkeley, California, walionyesha katika jarida la Science mchanganyiko wa niobi, tantali, titani na hafni unaokataa kupasuka kuanzia baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri mpaka joto la nyuzi 1,200. Kati ya kila atomi 100 zake, 45 ni niobi na 25 ni tantali. Na koltani, ni nini? Ni jiwe linalobeba metali hizo mbili pamoja. Niobi nyingine imelala Lueshe, huko Rutshuru. Wolframu inachimbwa Kivu na Maniema.

Hapo wengine watapiga makofi mapema. Wasipige. Katika ule mchanganyiko wa kwanza, kila kilo moja inabeba karibu gramu 327 za tantali, na uzito huo ndio unaowasumbua wahandisi. Wengi wanatafuta namna ya kuipunguza ao kuiondoa kabisa, waweke titani ao kromu mahali pake. Wakifaulu, Kivu itasoma habari hiyo kwa kushuka kwa bei. Wakishindwa, itaisoma kwa watu wengine wenye silaha kutafuta njia ya Rubaya, mji wa koltani ambao M23 iliuteka mwaka 2024. Kwa vyovyote, aliye na shoka ndani ya shimo ndiye atakayejua wa mwisho.

Serikali ya Kongo ilitangaza koltani kuwa madini ya kimkakati mwaka 2018, na kodi yake ikapanda hadi asilimia 10. Sheria ya madini ya mwaka huo huo inaweka sehemu moja ya kumi ya kodi hiyo katika mfuko wa vizazi vijavyo. Hiyo ndiyo feza inayopaswa kununua tanuru moja ya umeme, mashine moja ya kubana na mishahara ya watafiti wachache. Lubumbashi ina kitivo cha polytechnique chenye idara ya metali. Kazi haianzii sifuri.

Mtu atasema umeme unakatika, vita haijaisha, na hiyo ni anasa ya Wamarekani. Kuhusu umeme ana haki. Lakini majaribio ya Dayton hayakuhitaji kiwanda: vipande vyake ni vya milimita chache, na koltani ya kuvitengeneza haijazi hata mfuko mmoja wa mchimbaji. Kusafisha tantali kunahitaji asidi kali sana, kwa hiyo mwanzoni maabara hiyo ingelazimika kununua tantali safi kutoka nje. Aibu hiyo ni ndogo. Kubwa ni ile ya sasa: mfanyabiashara anafika machimboni na kifaa chake cha kupima jiwe, anasoma asilimia peke yake, anataja bei, na upande wa pili wa mzani hakuna hata mtu mmoja wa kumuuliza swali.